Maisha ya Edward Moringe Sokoine

Wengi wetu hapa shuleni hulijua jina la Sokoine kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoko Morogoro. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka babu yangu aliponisimulia habari za mwaka 1983.

Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti, 1938, katika jamaa ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma Monduli, kisha Umbwe. Akaingia Bungeni mwaka 1965, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1980 aliacha kazi hiyo kwa ajili ya afya yake. Februari 1983 Mwalimu Nyerere alimrudisha.

Nchi aliikuta taabani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha nyingi, na sukari, sabuni na nguo hazikuonekana madukani. Lakini palikuwa na watu waliozidi kutajirika. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, tena sheria ya mwaka 1971 iliruhusu mtumishi wa serikali aulizwe mali yake ameipataje. Sokoine alitaka maneno hayo yatoke karatasini.

Basi mwezi wa Machi msako wa walanguzi na wenye magendo ukaanza, na watu zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Babu, aliyekuwa na duka dogo wakati ule, asema watu walitupa vitenge na sabuni mtoni usiku, ili asubuhi wasiulizwe walivipata wapi. Yeye hati zake zote zilikuwa sawa, hata hivyo hakupata usingizi. Na sababu alikuwa nayo: watu walikamatwa kwanza, ndipo Bunge likatunga sheria, nayo haikumruhusu mshtakiwa kuwa na wakili. Hapo mimi siwezi kuisifu kazi ile. Asiposikilizwa mwizi, asiye mwizi tutamjuaje? Mwaka 1984 sheria hiyo iliondolewa, ikatungwa nyingine iliyoruhusu mawakili.

Mwenyewe Sokoine alisifika kwa kuishi bila makuu. Tarehe 12 Aprili, 1984, akitoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari, alipata ajali Dakawa, karibu na Morogoro, akafariki. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere ndiye aliyetangaza msiba huo redioni. Babu, ambaye mwaka mmoja nyuma alimwogopa kuliko simba, alifunga duka akalia.