Ruthu: Mgeni Kwenye Mavuno ya Shayiri

Soma Ruthu 2:1–18.

Njaa iliwatoa Elimeleki na Naomi Bethlehemu, mji ambao jina lake lina maana ya Nyumba ya Mkate, wakaenda Moabu. Huko Ruthu, Mmoabi, aliolewa na mmoja wa wana wao. Elimeleki na wanawe wote wawili walipokufa, Ruthu alifuatana na Naomi hadi Bethlehemu, mwanzoni mwa mavuno ya shayiri.

Sheria iliwakataza Waisraeli kuvuna pembe za mashamba yao, masazo yalikuwa ya maskini, mgeni na mjane (Walawi 19:9, 10, Kumbukumbu la Torati 24:19). Ruthu alikuwa yote matatu.

Wakati wa chakula Boazi alimkaribisha kuchovya mkate katika siki, akampa bisi. Aliposhiba, alimwekea Naomi zilizobaki. Jioni alipura shayiri aliyookota, ikawa yapata efa moja, takriban lita 22.

Daudi alikuwa kitukuu chake, na Mathayo 1 humtaja katika ukoo wa Yesu.

Katika mapato ya nyumba yako, ni sehemu gani huachwa kwa ajili ya mgeni na mjane?