Zondek: Alipata jibu, akakosea kiungo

Mara ya mwisho nikienda nyumbani Kiunga, rafiki yangu mmoja alinitumia ujumbe kabla sijapanda boti pale Lamu. Aliniomba nimnunulie vile vijikaratasi vya kupima mimba, viwili, na nisimwambie mtu. Kwetu ni kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Somalia. Ukinunua kitu kama hicho dukani pale, kabla ya Magharibi kila nyumba imeshapata habari. Nikavificha ndani ya soksi kama magendo.

Njiani nikawa najiuliza ni nani hasa aliyegundua kwamba mkojo unaweza kutoa siri ya tumbo. Wamisri wa kale walijaribu, waliumwagia mbegu za shayiri na ngano wakasubiri zichipue. Lakini kipimo cha kutegemewa kilitoka Berlin, mwaka 1928, kwa madaktari wawili: Selmar Aschheim na Bernhard Zondek. Huyu Zondek ndiye aliyenishika.

Alizaliwa 1891 katika mji wa Wronke, uliokuwa chini ya Ujerumani na leo uko Poland, kwenye familia ya Kiyahudi. Kaka yake Hermann alikuwa daktari, na ndugu yao Samuel pia. Bernhard akaangukia magonjwa ya wanawake, akifanya kazi katika hospitali ya Charité.

Kilichomsumbua akili ni tezi ya pituitari, kitu kidogo kama njegere kinachoning'inia chini ya ubongo. Mwaka 1926 alichukua kipande cha tezi hiyo akakipandikiza kwenye panya jike ambaye hajabaleghe. Ovari za panya zikakomaa ghafla. Yaani kuna kitu ndani ya tezi kinachoamrisha ovari ziamke. Mwaka uliofuata yeye na Aschheim wakachukua mkojo wa mwanamke mjamzito, wakawadunga panya wachanga, na mambo yakawa yale yale.

Kipimo kikazaliwa hapo. Panya watano wadogo wanadungwa mkojo, unasubiri kama siku tano, unawachinja, unaangalia ovari. Zikiwa na madoa ya damu, hongera au pole, kutegemea wewe ni nani. Ni noma kwa panya, lakini kilikosea mara chache sana. Baadaye alikuja chura wa Afrika Kusini, ambaye akidungwa hutaga mayai tu na kuendelea na maisha yake.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Zondek alipiga hesabu ambayo mimi na wewe tungepiga: tezi inaamsha ovari, mkojo wa mjamzito unaamsha ovari, kwa hiyo kilichomo kwenye mkojo kimetoka kwenye tezi. Akakipa jina, Prolan, na dunia ikamwamini.

Mwaka 1933 Wanazi waliingia madarakani. Wakati huo alikuwa mkuu wa idara ya wanawake katika hospitali ya Spandau, mtu ambaye kazi yake ilitumika kote duniani. Akafukuzwa kwa sababu ni Myahudi. Akapitia Stockholm, kisha 1934 akatua Jerusalem kuanza upya. Aschheim alikimbilia Paris. Hata katika kuhamahama huko Zondek hakuacha mikojo: mwaka huo huo wa 1934 alitangaza kwamba mkojo wa farasi dume umejaa homoni ya kike. Watu walishangaa, na mimi bado nashangaa.

Mwaka 1938, Baltimore, Marekani, daktari kijana Georgeanna Seegar pamoja na George Gey na mwenzao Hellman walikuza seli za kondo la nyuma ndani ya chupa. Gey ndiye yule ambaye maabara yake ilikuja kukuza seli za Henrietta Lacks. Ndani ya chupa hakukuwa na ubongo wala tezi, ila kondo tu. Na Prolan ikatoka. Kumbe chanzo ni kondo.

Je, Zondek alikuwa mzembe? Mimi niliacha chuo kabla ya kufika kwenye somo la jeni, nikalisoma baadaye kwa bando langu mwenyewe, na jibu langu ni hapana. Homoni ya mimba, ambayo leo inaitwa hCG, ina minyororo miwili ya protini. Mmoja, alfa, unatumiwa pia na homoni za pituitari. Wa pili, beta, jeni zake ni nakala zilizotokana na jeni ya homoni ya pituitari iitwayo LH, na mpaka leo zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 19. Ovari ya panya haiwezi kuzitofautisha hizo mbili. Aliyemdanganya Zondek ni panya wake.

Tofauti iko kwenye swichi. Kila seli ya mwili ina jeni zote hizo, ila kwenye pituitari zinawashwa na ishara ya ubongo inayokuja kwa mapigo, na kwenye kondo zinawashwa na ishara nyingine kabisa ndani ya seli. Mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba kwenye swichi ya jeni ya alfa ya ng'ombe, herufi moja tu ya DNA ni tofauti na yetu, na protini inayopaswa kuiwasha kwenye kondo haishiki. Punda, hawa hawa wanaotubebea mizigo huku Lamu, wana njia yao: jeni moja ya beta inatumika kwenye pituitari na kwenye kondo, bila nakala.

Zondek alifundisha Jerusalem hadi 1961, akafariki New York mwaka 1966. Vipimo vya kujipimia nyumbani vilianza kuuzwa muongo uliofuata, navyo hunasa beta ya kondo, ile ambayo panya hakuweza kuitambua.

Rafiki yangu alitumia kimoja alfajiri. Jibu alilopata ni lake. Cha pili bado anacho.