Ronald Ngala na swali la nyumba Mombasa

Wanafunzi wengi wa historia humkumbuka Ronald Gideon Ngala kwa neno moja tu: majimbo. Hulikariri wakati wa mtihani, kisha wakalisahau. Mimi huona kwamba tunampunja marehemu huyu. Kabla ya kuwa mwanasiasa Ngala alikuwa mwalimu, na siasa zake hazieleweki vyema bila kuutazama mji wa Mombasa alimofanyia kazi.

Alizaliwa mwaka 1923 katika jamii ya Wagiriama. Baada ya masomo ya Pwani aliendelea Alliance, kisha Makerere alikosomea ualimu. Katika miaka ya 1950 alikuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton, kisiwani Mombasa, akawa pia mjumbe katika baraza la mji.

Mji huo ulikuwa ukifurika watu. Hesabu ya mwaka 1948 ilipata wakazi wapatao 85,000; ile ya 1962 ilipata karibu 180,000. Bandari na reli ziliwavuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, lakini nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Ugumu wa makazi, pamoja na mishahara duni, ulichangia migomo mikubwa ya 1939 na 1947. Wenye kipato kidogo walijipangia vyumba katika mitaa kama Majengo. Huko mtu hukodi kiwanja, akajenga nyumba ya Kiswahili na kupangisha vyumba vyake. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Mwenye ardhi akibadili nia, mjenzi na wapangaji wote wamo mashakani.

Mwaka 1957 Ngala alichaguliwa kuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliopigiwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU, na mwaka 1963 Rais wa Jimbo la Pwani. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo ya ardhi na shule yaamuliwe na watu wa mahali penyewe. Haikudumu. Novemba 1964 alikivunja chama chake na kujiunga na KANU, na majimbo yakafutwa. Baadaye akawa waziri, hatimaye wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano, hadi alipofariki tarehe 25 Desemba 1972 kufuatia ajali ya gari katika barabara ya Nairobi na Mombasa.

Wako wanaomsifu Ngala bila kumhoji. Mimi siwafuati. Swali lake lilikuwa la haki: nani aamue juu ya ardhi ya Pwani? Lakini majimbo yalizua pia swali jingine la hatari: nani mwenyeji na nani mgeni? Mwaka 1997, miaka 25 baada ya kifo chake, watu waliuawa na kufukuzwa Likoni kwa sababu ya kuitwa wabara. Mji wa bandari hauwezi kutatua uhaba wa vyumba kwa kuwahamisha wapangaji kwa misingi ya kabila.

Leo ugatuzi, ulioanza mwaka 2013, umerudisha sehemu ya yale aliyoyapigania. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 mwaka 2019. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mji mdogo, bado linategemewa. Mji wa Kale unalindwa na sheria ya hifadhi, hivyo hauwezi kupandishwa ghorofa ovyo. Kisiwa hakiongezeki.

Na pale Buxton, jirani na shule aliyoiongoza Ngala, nyumba za kupanga za serikali zilizojengwa enzi za ukoloni zilibomolewa mwaka 2021 ili kupisha maghorofa yaliyoitwa ya bei nafuu. Uamuzi haukutoka Nairobi peke yake. Serikali ya kaunti ilihusika. Kwa hiyo hapa ndipo ugatuzi unapopimwa. Naunga mkono ujenzi wa kwenda juu, kwa kuwa kisiwa hakina pa kupanuka. Lakini bei nafuu ipimwe kwa mshahara wa kuli wa bandarini na wa mwalimu wa shule ya msingi. Ikiwa hao hawawezi kulipa, tumewajengea wengine, hata kama aliyeamua ni mwenyeji.

Walimu wenzangu, msiishie kuwafundisha wanafunzi tarehe za KADU. Wapeni hesabu za 1948, 1962 na 2019, waulizeni maji na nyumba vimeongezeka mara ngapi, na kodi ya chumba mtaani kwao ni sehemu gani ya mshahara wa mzazi. Wakishapata majibu, watayaelewa majimbo, na watakuwa na la kumuuliza diwani wao.