William Cullen, Tabibu Aliyejua Kufundisha

Huenda mwalimu mwanafunzi akadhani kuwa kulijua somo barabara kwatosha kumfanya mtu awe mwalimu bora. Tukiyatazama maisha ya William Cullen, twaona kuwa hiyo ni nusu tu ya kazi.

Cullen alizaliwa mwaka 1710 katika mji wa Hamilton, nchini Uskoti. Alijifunza kazi kwa daktari mpasuaji mjini Glasgow, akasafiri hadi visiwa vya Karibi akiwa daktari wa meli, kisha akarudi kwao kutibu wagonjwa. Mwaka 1744 alihamia Glasgow, na huko ndiko alikoanza kufundisha.

Enzi hizo ilikuwa desturi kutoa mihadhara ya utabibu kwa Kilatini. Cullen alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kuiacha desturi hiyo. Alifundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wake waliizungumza, naye alieleza akiongozwa na muhtasari badala ya kuwasomea maandishi. Alipoanza kufundisha kemia mwaka 1747, aliona kuwa maneno matupu hayatoshi, akatumia majaribio. Katika jaribio lake mashuhuri, alipunguza hewa chomboni hata etha ikageuka mvuke upesi. Mvuke huo ulichukua joto jingi, na maji yaliyokuwa kando yakaganda kuwa barafu.

Mwaka 1755 aliitwa kufundisha Edinburgh. Huko alifundisha pia hospitalini, kando ya vitanda vya wagonjwa, ili wanafunzi wayaone kwa macho yale waliyoyasikia darasani. Wanafunzi maskini aliwasamehe ada.

Alifariki mwaka 1790. Nadharia yake kwamba chanzo cha maradhi mengi ni mishipa ya fahamu haikudumu. Lakini Joseph Black, mwanafunzi wake aliyemsaidia katika maabara ya Glasgow, aliigundua hewa ya kaboni dioksidi na kuieleza dunia habari za joto fiche. Basi mafundisho huweza kupitwa na wakati, bali mwanafunzi aliyezoezwa kutazama na kupima huendelea mbele ya mwalimu wake.

Nasi tunaojiandaa kwa kazi hii tuna la kujifunza. Mtoto akinyamaza darasani, tusiharakishe kumwita mzito wa akili. Tujiulize kwanza: je, tumesema naye kwa maneno anayoyaelewa? Je, tumempa kitu cha kutazama na kushika?