Dunlop, munganga wa wanyama aliyetia mupepo mu mupira

Wandugu wa mugodi, na ninyi bamama wenye kungojea nyumbani mpaka bisi ya poste ya usiku irudi, leo hatutasema juu ya mushahara. Tutasema juu ya mupira wa motoka. Si zamani sana, bisi moja yenye kubeba wafanyakazi ilipasua mupira wa mbele katika mutelemuko, ikaenda kulala mu mufereji. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe, lakini kamarade mumoja alivunjika mukono, na miezi mine hakushika kazi. Wakubwa walisema ni bahati mbaya. Sisi badelege tuliangalia ile mipira ingine iliyobaki: yote ilikuwa teketeke, na hakuna mutu aliyeweza kukumbuka ilipimwa siku gani. Njo pale tulianza kuulizana: huu mupepo ndani ya mupira, nani aliuweka, na juu ya nini?

Jina lake mumelisoma ku ubavu wa mipira. Wengi wanazani ni jina la fabrike tu. Hapana, alikuwa mutu.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 2 mwaka wa 1840, mu kijiji cha Dreghorn, inchi ya Uskoti, ile yenye tunaita Ekose mu kifaransa. Baba yake alikuwa mulimaji. Yeye alisomea kazi ya kuponya wanyama mu muji wa Edinburgh, akaifanya kule miaka karibu kumi, kisha mu 1867 akahamia Ayalandi. Ku Belfast alifungua kazi yake, nayo ikakua sana, kwani wakati ule kila kitu kilivutwa na farasi. Angekufa vile, munganga wa farasi mwenye ndevu nyingi, na hakuna mutu mu Katanga angesikia jina lake.

Lakini alikuwa na mutoto, Johnny. Mu 1887 Johnny alikuwa na miaka kama 9, na alikuwa na kinga ya magurudumu matatu. Magurudumu ya wakati ule yalivikwa mupira muzito usio na kitu ndani, na njia za Belfast zilikuwa za majiwe. Ninyi mwenye kupanda mu benne ya kamyo kutoka ku kariere munajua namna mugongo unasikia. Mutoto alitaka kinga yenye kukimbia na isiyomutikisa.

Dunlop alichukua kibao cha muviringo. Akatengeneza kijibomba cha mupira mwembamba, akakizungusha ku ukingo wa kile kibao, akakifunga kwa kitambaa cha kitani na misumari, akakijaza mupepo na pompe ya kujazia balo ya futbol. Kisha mu kiwanja chake akasukuma gurudumu la zamani la ile kinga. Likaenda kidogo, likaanguka. Akasukuma kile kibao chenye mupepo. Kikapita kiwanja chote, kikagonga mulango wa mwisho. Nguvu ya mukono ilikuwa moja. Usiku wa tarehe 28 mwezi wa 2 mwaka wa 1888, Johnny alitoka inje na kinga yake yenye mipira mipya ya nyuma.

Hapa tusimame kidogo, maana njo kiini cha mambo. Mupira si wenye kubeba motoka. Mupepo njo wenye kubeba. Mupira ni mufuko wa kuufunga. Ukiweka mupepo kidogo, muzigo unabaki bila mubebaji: ubavu wa mupira unakunjika na kunyooka kila mara gurudumu linazunguka, unapata moto, na ule moto unaukata mupira ndani pahali macho hayaoni. Kisha siku moja, mu mutelemuko, na watu mu bisi, unapasuka. Ukizidisha mupepo, mupira unakuwa nguvu sawa ule wa Johnny wa zamani, unagusa njia paka katikati, na feni haishiki vizuri. Mupira wenyewe unasema: ukiisha pande zote mbili za kando, mupepo ulikuwa kidogo, ukiisha katikati, ulizidi.

Basi ni ngapi? Si kwado mwenye kuamua, hata kama anaupiga teke na kusema iko bien. Fungua mulango wa shofere, angalia ku nguzo yake, ao ndani ya kifuniko cha esanse. Kuna karatasi iliyobandikwa. Mara nyingi ina hesabu mbili: moja ya motoka yenye watu kidogo, ingine ya motoka yenye kujaa, na ile ya pili ni kubwa, zaidi kwa mipira ya nyuma. Mutu wa taksi-bisi mwenye kuweka watu wa ine mu kiti cha watatu asitumie hesabu ya kwanza. Na ile hesabu iliyoandikwa ku mupira wenyewe ni mupaka wa juu wa mupira, si kipimo cha motoka yako. Tumeona bashofere wengi wanadanganyika pale. Tena manometre zingine zinasoma bar, zingine livre: bar 2,2 ni karibu livre 32, usichanganye.

Pima asubui mbele ya kutembea. Motoka ikishatembea, mipira inapata moto na presio inapanda. Ukitoa mupepo saa ile, kesho utakuwa chini. Kwa kila digri 10 za baridi, presio inashuka karibu bar 0,1. Sisi wa huku Katanga tunajua asubui ya mwezi wa 6 na jua la mwezi wa 10. Mupira uliojazwa mu mwezi wa 10 saa nane ya muchana, usiulize kwa nini mu mwezi wa 6 uko teketeke, hata kama haukutoboka.

Na kwa wale wa garage ya mugodi, neno moja tu: mupira wa kamyo haujazwi ukiwa umesimama mbele yake. Unatiwa mu kizimba cha chuma, mutu anakaa kando, na tiyo ndefu. Mupepo wa namna ile umekwisha kuua makanisye mu inchi nyingi. Kama kizimba hakiko, mwite delege.

Turudi kwa muzee. Mwisho wa 1888 alipata karatasi ya brevet. Mu mwezi wa 5 mwaka wa 1889, mukimbiaji wa kinga mumoja wa Belfast, Willie Hume, aliweka ile mipira ku kinga yake, akashinda mashindano. Watu walikuwa wanacheka ile mipira minene, kisha wakanyamaza. Mufanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, akaunda kampuni, na Dunlop akaingia ndani.

Kisha habari mbaya ikafika. Mu 1890 waliambiwa brevet haina nguvu: mutu mwingine wa Uskoti, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha gurudumu la mupepo mu 1845, Dunlop akiwa mutoto wa miaka 5. Thomson alikufa mu 1873 bila kuona faida, kwa sababu wakati wake hapakuwa kinga za kuuza kwa wingi, wala motoka. Kampuni iliokoka kwa kununua brevet zingine za kufunga mupira ku chuma. Dunlop aliacha mambo ya kampuni mu 1895. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa livre za Uingereza milioni 3, na yule aliyeinunua akaiuza tena kwa milioni 5. Mwenye kutengeneza kile kibao mu kiwanja chake hakupata utajiri ule. Ninyi wenye kutoa jiwe chini mutaelewa haraka bila sisi kueleza.

Kutoka kinga, mupepo ulienda ku motoka. Ku Clermont-Ferrand, bandugu Michelin walikuwa wamesumbuka kutengeneza mupira wa Dunlop uliotoboka, kazi ya masaa, maana ulikuwa umebandikwa kwa gundi. Wakatafuta mupira wa kutoa na kurudisha, na mu 1895 wakaendesha motoka yenye mipira ya mupepo kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Ilitoboka mara nyingi, lakini ilifika.

Na sasa dunia yote ilitaka mupira. Mupira ulitoka wapi? Kwa sehemu, kwetu. Mu inchi iliyoitwa ya Leopold II, kutoka 1885 mpaka 1908, watu wa Ekwatere na pahali pengine walitumwa mu pori kukata kamba zenye utomvu, kila kijiji na kipimo chake. Kipimo kikipungua, wanawake walifungwa, mikono ilikatwa. Dunlop hakutuma askari, na hatusemi hivyo. Lakini ile furaha ya Johnny ilipandisha bei, na bei ilipanda pamoja na damu ya babu zetu. Aliyeandika mambo ile mu raporo ya 1904, konsule Roger Casement, alizaliwa ku Dublin, muji ule ule wenye Dunlop alikuwa amehamia.

Kule Dublin muzee aliishi kimya, na sehemu mu duka kubwa la nguo. Sura yake yenye ndevu ilibaki alama ya mipira. Alikufa tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka wa 1921, akazikwa ku Deans Grange. Kitabu chake juu ya historia ya mupira wa mupepo kilichapishwa yeye akiwa amekwisha kufa.

Ile bisi yetu sasa iko na manometre mu kisanduku cha shofere. Tuliiomba mara tatu. Ku poste ya asubui, delege na shofere wanapima pamoja, wanaandika mu kaye, kisha watu wanapanda.