Aniceti Kitereza, Mchoraji wa Haja za Moyo

Mgeni afikapo Kwihara karibu na Tabora, penye tembe alimokaa Livingstone katika mwaka 1872, huambiwa kwamba hapo ndipo zilipopita safari za zamani. Mara nyingi twaitaja njia ile kana kwamba ilikuwa moja tu, ya kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, kufika Unyanyembe, na kuishia Ujiji. Lakini hapo Tabora njia iligawanyika. Mkono mmoja ulikwenda magharibi mpaka ziwa Tanganyika. Mkono wa pili ulipanda kaskazini, ukapita katikati ya Usukuma hata kufika Nyanza. Mapadre Weupe wa kwanza, walipofika Tabora katika mwaka 1878, waliagana hapo hapo, hawa wakashika njia ya Ujiji na hawa njia ya Nyanza. Sisi katika kurasa hizi twaufuata ule mkono wa kaskazini, maana mbele yake, ng'ambo ya maji, kiko kisiwa cha Ukerewe, na huko ndiko kwao mtu tutakayemsimulia.

Jina lake ni Aniceti Kitereza. Tumemwita mchoraji, ingawa sifa yake haikutokana na rangi wala brashi. Kazi yake ilikuwa ya kalamu na wino. Lakini asomaye kitabu chake huona watu kama wanavyoonekana katika picha iliyotundikwa ukutani, na huona hasa yale wanayoyahitaji mioyoni mwao wasiyoweza kuyasema mbele ya watu.

Yafaa kwanza kueleza njia ile ilileta nini Ukerewe. Pembe za ndovu zilitoka kisiwani, zikaenda Unyamwezi, nguo na shanga zikarudi, na wakama wakatajirika. Pamoja na nguo na shanga yalikuja maradhi. Bwana Gerald Hartwig, mwanahistoria wa Marekani aliyekaa Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, alitoa kitabu katika mwaka 1976 juu ya biashara hiyo. Ameonyesha jinsi ndui na kipindupindu zilivyoandama misafara, na jinsi watu, kwa kuwa hawakujua vifo vile vilitoka wapi, walivyozidi kushukiana uchawi ndugu kwa ndugu. Katika nchi ya namna hiyo mtoto hakuwa furaha ya nyumba tu. Mtoto alikuwa ndiye ulinzi wa mama yake mbele ya maneno ya mawifi, na ushahidi wa baba yake kwamba hajalaaniwa.

Kitereza alizaliwa katika mwaka 1896. Alikuwa mjukuu wa Machunda, mkama wa Ukerewe wa zamani, lakini damu hiyo ya kifalme haikumpa raha, maana baba yake alikuwa amehamia Usukuma kwa kuuogopa wivu wa Mkama Rukonge, na mtoto akazaliwa huko ugenini. Alipokuwa bado mdogo ndui ikamwua baba yake. Basi mama akamchukua mwanawe akarudi naye Ukerewe, ambako Rukonge alikuwa amekwisha kuondolewa na Wadachi, na mtoto akalelewa katika nyumba ya Mkama Mukaka. Huko barazani alisikia wazee wakiamua mashauri, wakitaja nasaba, na wakibishana juu ya mahari. Mtoto asikiaye mambo hayo kila siku hana haja ya kufundishwa jinsi watu wanavyosema.

Mukaka akampeleka shule ya misioni ya Kagunguli, na kutoka huko akaenda seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa Nyanza. Alikaa huko miaka mingi, akajifunza Kilatini, Kidachi na Kiswahili. Hakuwa padre. Alirudi kwao, na katika mwaka 1919 akamwoa Anna Katura.

Hapa ndipo tunapofika penye shina la habari zake. Aniceti na Anna hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Walimu na wazazi wasomao haya wajua maana yake bila kuelezwa. Kwa desturi ya wenyeji mume wa namna hiyo alishauriwa na ndugu zake kutafuta mke mwingine, na mke alijua kwamba anashauriwa. Aniceti, Mkristo wa ndoa moja, alibaki na Anna. Hatupendi kudai kwamba twajua waliyosemezana usiku nyumbani mwao. Twajua tu kwamba wakati ule mumewe alikuwa akiandika.

Mwanzo aliandika kama mtu awekaye akiba ghalani. Alikusanya habari za wakama, hadithi, desturi na methali za Wakerewe, kwa kuwa aliona wazee wanakufa nazo. Padre Almas Simard, wa Canada, alimtia moyo katika kazi hiyo. Kazi hiyo ilikuwa njema, na wenye kuchunguza mambo ya kale wameitumia. Lakini desturi ikiandikwa peke yake hukauka kama samaki wa kuanikwa: yafaa kwa safari, wala hakuna ajuaye tena jinsi alivyokuwa akiogelea. Kitereza alilitambua jambo hilo, nasi twaona kwamba kulitambua huko ndiko kulikomkuza. Akaacha kuandika desturi kwa mafungu, akatafuta watu wawili wa kuzibeba.

Watu hao ni Myombekere na mkewe Bugonoka, nao hawana mtoto. Ndugu za mume wamemtukana mke kwa ajili hiyo, hata wazazi wake wakaja kumtwaa, wakamrudisha kwao. Myombekere amebaki peke yake katika mji wake. Hana wa kumpikia, hana wa kumwambia neno jioni. Anakwenda kwa mkwewe Namwero kuomba radhi, naye anatozwa mitungi sita ya pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mke.

Basi tutazame anavyofanya mwandishi. Ametaka kutuandikia jinsi Wakerewe wanavyotengeneza pombe, tangu kuivisha ndizi mpaka kukamua na kungoja ichachuke. Kama angeliandika hayo katika daftari lake la desturi, ni wachache wangaliyasoma mpaka mwisho. Sasa twayasoma tukiwa na wasiwasi, maana kila siku ndizi zinayochelewa kuiva ni siku moja zaidi ya Myombekere kulala peke yake. Twapima mitungi pamoja naye. Pombe imekuwa haja ya moyo. Kadhalika mganga Kibuguma anapokuja na dawa zake kumtibu Bugonoka, hatusomi tena orodha ya miti na mizizi. Twamtazama mwanamke anywaye dawa chungu, asithubutu kutumaini.

Hatusemi kwamba kitabu hakina kasoro. Ni kirefu sana, na ziko kurasa ambazo mzee anajisahau, akaeleza jambo mpaka msomaji akachoka. Sisi wenyewe tumezifunua nyingine upesi, kisha tukaona aibu tukazirudia. Lakini penye uchungu haongezi neno. Bugonoka anapopata mimba hatimaye, furaha yenyewe ina hofu ndani yake, na hofu hiyo imeingia katika majina. Mtoto wa kiume anaitwa Ntulanalwo, jina la mtu aishiye na kifo kando yake. Wa kike anaitwa Bulihwali, jina liulizalo taabu itakoma lini. Wakerewe waliofiwa mara nyingi waliwapa watoto wao majina ya namna hiyo. Aniceti na Anna hawakuwa na wa kumpa.

Maandiko hayo, kwa Kikerewe, yalikwisha katika mwaka 1945. Padre Simard aliyapenda, akayafasiri kwa Kifaransa, lakini hakufanikiwa kuyachapisha. Kila alipopita, neno lilikuwa lile lile: wasomao Kikerewe ni wachache mno, gharama haitarudi. Miaka ikapita. Padre akafa. Kitereza akaingia uzee, na maradhi ya viungo yakamshika hata mwili ukapinda na vidole vikawa vigumu. Maandiko yakabaki nyumbani.

Bwana Hartwig na mkewe Charlotte walipofika kisiwani, walimkuta mzee katika hali hiyo, akijua habari za zamani kuliko mtu mwingine ye yote. Walipoona maandiko yake, walimshauri ayafasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kusudi yapate wasomaji. Fikirini, ndugu zetu walimu, ambao mwaona uzito wa kusahihisha madaftari arobaini jioni moja. Mtu aliyepita miaka sabini, mwenye vidole vya namna ile, aliketi akaanza upya kazi aliyokwisha kuimaliza robo karne nyuma, mamia ya kurasa, katika lugha isiyo ya mama yake. Akaimaliza hiyo nayo.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikipokea, na kitabu kina mwaka 1980 kuwa mwaka wa kutolewa kwake. Lakini kazi ya kuchapa ilikawia. Katika mwaka 1981 Aniceti Kitereza alifariki, naye hakujaliwa kukishika mkononi. Tangu aandike neno la mwisho la Kikerewe ilikuwa imepita miaka 36.

Baadaye kitabu kilisafiri mbali kuliko pembe zote za babu yake. Profesa Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kidachi miaka ya 1990, na katika mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenyeji wa Ukerewe pia, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe. Chapa ya Kiswahili huonekana kwa nadra siku hizi. Mwalimu atakayeipata ataona juu yake jina la mzee asiye na mtoto, na pamoja nalo majina manne, la baba, la mama, na ya watoto wao wawili.