June Almeida: Aliacha shule na miaka 16, akaviona virusi vya korona vya binadamu kabla ya wote

Umemaliza Kidato cha Nne, alama si mbaya, lakini karo ya chuo kikuu haipo. Unajiambia basi, sayansi ni ya watoto wa matajiri. Hebu ngoja kwanza.

June Almeida alizaliwa 1930 mjini Glasgow, Scotland. Babake alikuwa dereva wa basi. Nduguye mdogo aliuawa na ugonjwa wa dondakoo. Shuleni June aliipenda sayansi, lakini pesa za chuo zilikosekana. Akiwa na miaka 16 akaacha masomo, akaajiriwa kama msaidizi wa maabara hospitalini.

Baadaye aliolewa, akahamia Canada. Huko Toronto ndiko alikobobea katika hadubini ya elektroni. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu ukichungulia unaona vidoa tu. Utajuaje kirusi ni kipi na uchafu ni upi? June akachanganya sampuli na kingamwili, zile askari za mwili. Zikavishika virusi na kuvikusanya pamoja. Sasa vikaonekana wazi.

Mwaka 1964 alirudi London, katika hospitali ya St Thomas'. Mtafiti David Tyrrell akamletea sampuli ya mafua, B814, iliyotoka kwa mvulana wa shule. June akaona vitu vya mviringo vilivyozungukwa na miiba. Kumbe alishaviona vya aina hiyo! Aliwahi kuviona katika kuku wenye ugonjwa wa njia ya hewa na panya wenye homa ya ini. Lakini makala yake ilikataliwa, eti hizo ni picha mbovu za virusi vya homa ya mafua. Hakuzitupa. Picha za B814 zilichapishwa 1967, na virusi hivyo vikaitwa korona, yaani taji.

Akageukia ini pia. Alionyesha kwamba kirusi cha homa ya ini aina ya B kina sehemu mbili: koti la nje na kiini cha ndani. Chanjo wanayodungwa watoto wetu kliniki hutengenezwa kwa protini ya koti hilo. Hata anayetafuta dawa huanzia hapo, maana ni vigumu kumzuia adui usiyejua ameundwaje. Na mwaka 1973 watafiti Marekani waliitumia mbinu ya kingamwili kukiona kirusi cha homa ya ini aina ya A.

Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi kwa kazi alizochapisha. Alifariki 2007, miaka 12 kabla ya Covid-19. Wengi walilisikia jina lake janga lilipofika.

Wewe je? KMTC inafunza diploma ya sayansi ya maabara. Ukipata nafasi hiyo, au hata kibarua cha kupanga sampuli tu, usiidharau. Chukua, kisha fungua macho.